Boksi Kupiga, Duara Kuacha

Niliwahi kuwadanganya watu wapatao kumi na watano kwa mpigo, mchana kweupe, ndani ya banda la gemu pale Korogwe. Mpaka leo kuna sehemu ya uongo ule ambayo sijaitubia. Baadhi yao bado wananisema nikipita. Waendelee kunisema. Nitaeleza ilivyokuwa, niliyokosea na ambayo sikukosea, na atakayeona nimejipendelea ana ruhusa yangu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Handeni. Matokeo yalipotoka, Kiingereza nilikuwa nimepata alama ambayo walimu waliizungumzia wiki nzima, na hesabu nilikuwa nimepata alama ambayo hawakuizungumzia kabisa. Baba ni mkulima wa mahindi na machungwa, hakuwa na cha kunipa zaidi ya jembe, akaniambia niende Korogwe kwa dada yake nikajifunze kushona. Shangazi alikuwa na vyerehani viwili kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, nyuma ya stendi. Mimi nilipewa kile cha zamani, kilichokuwa kinakata uzi kila baada ya mshono mmoja.

Ukuta wa pili ndipo palipokuwa na banda la gemu. Mwenye banda alikuwa mtu wa Mkumbara, mnene, mpole, aliyerudi kutoka Dar es Salaam na televisheni mbili na mashine mbili. Televisheni ya kwanza ilikuwa ya mpira, nayo haikuwa na shida, kelele zake ni za mpira. Ya pili ilikuwa ya vita. Kuanzia asubuhi hadi jioni nilikuwa nashona huku mabomu yanalia mgongoni mwangu.

Mabomu niliyazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni sauti zilizokuwa chini ya mabomu. Ile gemu ilikuwa na hadithi. Wale wanajeshi walikuwa wanaongea, tena Kiingereza cha taratibu, kinachosikika vizuri kabisa. Kulikuwa na kijana wa redio, yule anayebeba mashine ya mawasiliano mgongoni, kila mara anaanza kumsimulia kapteni wake habari za mama yake, na kila mara kabla hajamaliza sentensi mtu ndani ya banda anabonyeza kitufe cha kumrukisha ili wakapigane. Siku nzima kijana yule anaanza sentensi ileile, anakatwa palepale. Hawakuwa wanamwelewa, ndiyo maana. Lakini mimi nilikuwa namwelewa, na nilikuwa nataka kujua mama yake alifanya nini.

Siku moja nikaweka kitambaa chini, nikainua pazia la banda, nikasema, "Jamani, mwacheni amalize!"

Wote wakageuka. Wengi walikuwa madereva wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria wa mabasi, na wauza maji wa stendi. Aliyeshika pedi ya kuchezea alikuwa dereva mmoja mrefu mwenye jaketi jekundu, mtu wa maneno mengi, maarufu pale stendi kwa kubeba mizigo ambayo wenzake waliikataa.

"Amalize nini, dada?" akaniuliza.

"Anachosema. Anazungumza habari za mama yake."

"Wewe unamsikia?"

"Namsikia kila siku, na nyie kila siku mnamkata."

Akacheka, akaanzisha upya kipande kile. Nikasimama mlangoni na futi ya kupimia nguo shingoni, nikawatafsiria. Kijana alikuwa anasema mama yake alikataa kumuaga alipokwenda jeshini. Alijifungia jikoni akawa anaosha sufuria moja tu kwa muda mrefu, sufuria safi, hadi gari lilipoondoka. Muuza maji mmoja akasema, "Kumbe ana akili huyu." Yule dereva akaweka pedi mapajani. "Endelea," akasema, "kapteni anamjibuje?"

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti. Mwenye banda aliniwekea stuli karibu na televisheni, na kila Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tisa, nilikuwa nakaa pale nasoma maandishi ya chini kwa Kiswahili, kwa sauti. Waliokuwa hawajawahi kujua kwamba kikosi kile kina majina, ugomvi na madeni ya sigara wakaanza kujua. Watu wakaanza kuja kusikiliza tu, hata pedi hawaitaki. Shangazi alinuna. "Msichana wa kwetu haingii kule," alisema. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, mimi nimeshaingia." Alinitazama kama nimemtemea mate. Lakini nguo za wateja nilikuwa namaliza zote kabla ya saa tisa, akakosa pa kunishikia.

Sasa, gemu ile ilikuwa na mahali pa kuchagua. Hadithi inafika mahali inasimama, yanatokea maandishi mawili, moja lina alama ya boksi, jingine lina alama ya duara, na chini kuna mstari mwekundu unaopungua. Ukiisha hujachagua, gemu inakuchagulia. Mwanzoni zilikuwa chaguzi za kawaida, tupite barabarani au porini, tuchukue maji au risasi. Mimi nasoma, watu wanapiga kelele, dereva anabonyeza.

Kisha tukafika darajani.

Kikosi kilikuwa kimemkamata mzee mmoja usiku wa huko kwao, karibu na daraja, ana taa mkononi. Kapteni hajui kama ni mkulima anayetafuta ng'ombe wake au ni mtu anayewaonyesha maadui njia. Kijana wa redio anasema, "Kapteni, huyu ni mkulima tu, tazama miguu yake." Sajini anasema tukimwacha tutakufa wote. Mzee amepigishwa magoti, amefungwa kamba, haongei. Kisha maandishi mawili yakatokea. Boksi: kumwachia. Duara: kumpiga risasi.

Banda zima lilikuwa limeshaamua kabla sijafungua mdomo. "Piga! Piga huyo! Msaliti!" Walikuwa wanacheka, wamesimama, mmoja anapiga ukuta wa mabati kwa kiganja. Dereva ananiuliza bila kunitazama, "Ipi ni kupiga, dada? Haraka, mstari unaisha!"

Nikasema, "Boksi kupiga. Duara kuacha."

Akabonyeza boksi. Kapteni akachomoa kisu, akakata kamba, akamsukuma mzee aende zake. Mzee akatembea akiwa amewapa mgongo hadi taa yake ikapotea.

"Vipi tena?" watu wakauliza. Dereva alikuwa amekodoa macho kwenye pedi. Nilimwona akifikiri kwamba kidole chake kimeteleza. Halafu, mbele ya watu wote, akajinyoosha akasema, "Nimemwonea huruma. Mzee kama yule unampigaje?"

Nilinyamaza. Naye akanyamaza. Wenzake walimtania wiki nzima kwa kumwita Mwenye Huruma, na kwa kadiri nilivyoona jina lile alianza kulipenda. Alikuwa analijibu akiitwa.

Kwa nini nilifanya vile, sikuwaambia wao, na hapa nasema mara moja tu. Nilipokuwa kidato cha pili, siku ya mnada kijijini kwetu, watu walimkamata mfugaji mmoja na mbuzi wawili. Alisema amenunua, akatoa karatasi. Hakuna aliyetaka kuisoma. Mimi nilikuwa napita na sare za shule, wakaniambia, "Wewe msomi, hebu soma." Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, kanunua, kwa mtu fulani, mbuzi wawili, mmoja mweupe na mmoja wa mabaka. Nilisoma kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia. Mtu mmoja akauliza, "Anasemaje?" Nami nikaogopa kurudia. Walimvunja mkono. Aliyemuuzia alifika baadaye akathibitisha, na watu wakatawanyika kila mmoja akitazama upande wake.

Kwa hiyo pale bandani, waliposema "piga" na macho yangu yameona maandishi, sikuwa tayari kusoma kwa sauti ndogo mara ya pili. Kama ni kosa, nililifanya nikiwa na akili zangu timamu.

Wiki ya tatu baada ya darajani akaanza kuja mzee mmoja aliyekuwa karani kwenye shamba la mkonge miaka mingi. Baba yake aliletwa na kazi ya mkonge kutoka mbali, yeye akazaliwa kambini, akasomea pale, akaishia ofisini akiandika mizigo. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa waya na Kiingereza cha ofisi, kikavu, kisicho na makosa. Aliambiwa kuna binti anasoma gemu, akaja kuona. Tulimpa kiti cha mbele. Tulimwamkia, akaitika, akakaa na kofia magotini.

Bahati yangu mbaya, siku ileile ndiyo kijana wa redio alikufa.

Maadui walikuja kupitia njia ileile ambayo yule mzee wa taa aliifuata. Kijana alikuwa anaita msaada redioni. Hakumaliza kusema mahali walipo. Mtu mmoja mzima na ndevu zake alitoka nje akasimama akiwa ameupa mlango mgongo. Dereva aliendelea kubonyeza vitufe vyote kana kwamba kuna kimoja kingemwamsha.

Kisha gemu ikaleta ukurasa wa muhtasari, kama inavyofanya kila sura inapoisha. Kabla sijasoma, karani akainama mbele akasoma mwenyewe. "Ulichagua kumwachia mfungwa," akasema. "Nani alichagua?"

"Mimi," dereva akajibu, lakini sauti haikuwa ya kujivuna tena.

"Mlijua ni kumwachia?"

Dereva akasema polepole, "Nilibonyeza boksi. Dada alisema boksi ni kupiga." Ndipo akanigeukia. Nadhani alikuwa anayafikiria maneno yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Karani akamwomba mwenye banda arudishe gemu pale darajani, kwa sababu walikuwa wameseivu, wamehifadhi kila walipofika. Ikarudi. Mzee akiwa magotini, kamba, maandishi mawili. Karani akasimama, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, akasoma kama anasoma barua ya kazi. "Boksi, kumwachia. Duara, kumpiga risasi." Mwenye banda akaisimamisha gemu hapo, na wote wakanitazama.

"Umetudanganya," akasema muuza maji.

"Ndiyo," nikasema.

Nafikiri walitegemea nitalia au nitasema nilisoma vibaya. Kisingizio kilikuwepo, Kiingereza kigumu, ningeweza. Lakini ningesemaje nilisoma vibaya wakati Kiingereza ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho?

"Kijana amekufa kwa sababu yako!"

"Amekufa kwa sababu waliompiga walimpiga. Mzee mlitaka kumuua kwa kushika taa."

Kelele zikapanda. Wengine walikuwa wanabishana na mimi, wengine wao kwa wao. Dereva ndiye hakupiga kelele. Alisubiri, na waliponyamaza akasema jambo ambalo ndilo pekee lililoniingia siku ile.

"Dada, mzee wako sina shida naye. Pengine hata mimi ningefikiri. Lakini mkono ulikuwa wangu. Ulinifanyisha kitu sikukitaka, halafu ukakaa hapo kwenye stuli unaniangalia nasifiwa. Wiki tatu."

"Na wewe ulijua hukutaka kumwacha, ukakubali sifa," nikamjibu.

"Nilikubali. Nilidhani nimekosea kubonyeza, nikaona aibu. Hiyo ni yangu. Lakini na wewe beba yako."

Hapo nilimwomba radhi. Yeye peke yake, kwa jina lake, kwa kile kidole. Nikasema sikuwa na haki ya kutumia mkono wake. Nikasema pia kwamba kwa mzee wa darajani siombi radhi kwa mtu yeyote.

Akaninyooshea pedi. "Basi shika. Sasa unajua kinachokuja. Kijana wa redio atakufa, umeona kwa macho yako. Maandishi unayajua. Fanya kwa mkono wako."

Sikuwahi kushika pedi hata mara moja. Ilikuwa ya moto na imelowa jasho lake. Watu wakasogea. Karani alikuwa bado amesimama karibu na televisheni, hakurudi kukaa. Mwenye banda akasema, "Naachia," na mstari mwekundu ukaanza kupungua.

Nitasema ukweli, nilimpenda yule kijana wa redio kuliko mtu yeyote aliyekuwamo mle. Mimi ndiye niliyempa Kiswahili. Ile sufuria ya mama yake niliibeba kinywani mwangu. Na alikuwa pale pale kwenye picha, hai, anasema tena, "Kapteni, huyu ni mkulima tu, tazama miguu yake." Nyuma yangu wanaume kumi na watano walikuwa wanasema piga, lakini safari hii hawakuwa wanacheka. Safari hii walikuwa na sababu, na sababu yao ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Nikasema kwa sauti, ili pasiwe na mtu wa kuuliza anasemaje, "Boksi ni kumwachia. Ninamwachia." Nikabonyeza.

Muuza maji alitupa chupa tupu sakafuni akatoka, na wengine wawili wakamfuata. Mtu mmoja aliniita jina ambalo sitaliandika. Mwenye banda, mtu mpole yule, alizima televisheni kabisa, akasema kwa upole wake uleule kwamba ananishukuru kwa yote ila nisirudi, banda lake si mahali pa kugombanisha watu. Nikampa pedi dereva. Aliipokea. Nikatoka nikarudi kwenye cherehani, na uzi ukakatika kabla sijamaliza mshono wa kwanza.

Habari za stendi hazichelewi. Kufika jioni shangazi alikuwa ameambiwa kwamba nimegombana na wanaume gizani, na kesho yake alikuwa amempigia baba simu. Siku ya tatu baba akashuka kwenye gari la Handeni na kiroba cha machungwa, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Nilijua maana ya kanzu. Amekuja kwa kesi.

Alikaa mkekani, akaniambia nimenye machungwa nimsimulie, tangu mwanzo. Nikamsimulia. Alitaka kila kitu. Aliuliza daraja ni la mbao au la chuma. Aliuliza huyo sajini ana cheo gani kwa kapteni. Shangazi alikuwa anapitapita, kila akipita anaguna. Nilipofika mahali pa kijana kufa, baba aliacha chungwa katikati.

"Huyo kijana ni wa kikosi chako?"

"Ni wa kikosi."

"Basi mimi ningempiga yule mzee," akasema baba. "Mara ya kwanza, sijui. Mara ya pili, baada ya kujua, ningempiga. Mtoto wa watu yuko chini ya mkono wangu, nimrudishe kwa mama yake."

Kwetu, baba akishasema hivyo mazungumzo yamefungwa. Nikamenya chungwa jingine, nikalikata, nikampa kwa mikono miwili.

"Mimi nisingempiga, baba."

Shangazi alisimama mlangoni. Baba akanitazama. "Hata baada ya kujua?"

"Hata baada ya kujua. Siku ile pale alikuwa ameshika taa tu. Nimpige kwa kitu gani?"

"Kwa kitakachotokea."

"Hakijatokea bado."

"Kimetokea, wewe mwenyewe umekiona!"

"Mimi nimekiona. Yeye amepigishwa magoti, hajakifanya."

Tulibishana hadi machungwa yakaisha. Hakukubali, nami sikukubali. Alipandisha sauti mara mbili, nami mara moja nilipandisha yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Mwishoni alimgeukia dada yake akamwambia kwa Kizigua, akidhani nimeshughulika na maganda, kwamba huyu amemrithi mama yao, na yeye mama yao hakumweza, kwa hiyo na huyu tumwache. Kisha akavaa viatu akaenda mwenyewe bandani. Sikusikia walichozungumza. Niliona tu mwenye banda anatoka na nyundo, anang'oa misumari ya lile pazia la mlangoni. Baba alirudi akasema, "Watu wale wanasema hawana msomaji. Kama unakwenda, unakwenda mchana na mlango wazi. Na usome kilichoandikwa."

"Nitasoma kilichoandikwa," nikasema. Hilo nililikubali, kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilirudi Jumamosi, lakini nami nilikwenda na sharti langu. Nikawaambia nitasoma kila neno sawasawa, hata nisilolipenda. Ila tukifika mahali pa kuchagua, gemu inasimamishwa, kila mwenye la kusema anasema, halafu aliyeshika pedi anataja kwa sauti anachokwenda kufanya, ndipo anabonyeza. Hakuna kusema "piga" kwa pamoja kama mashabiki wa mpira. Kama anataka kuua, aseme, "Mimi ninaua." Mwenye banda alilalamika kwamba muda utapotea. Dereva akasema upotee. Muuza maji hakurudi kabisa, na sikumfuata.

Sharti lile liliwakera sana, nami nililishikilia. Kuna siku tulibishana juu ya mlango mmoja, kuufunga au kuuacha wazi, tangu saa tisa hadi adhana ya magharibi, watu wamesahau abiria stendi. Mara tatu mwenye zamu alishindwa kulitaja analotaka kulifanya akampa mwenzake pedi. Mara nyingine walitaja na wakafanya, tena mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyapinga kwa nguvu zangu zote. Niliyasoma yote. Dereva hakunitania tena wala sikumtania, lakini zamu yake ikifika alikuwa ananiuliza, "Boksi ni nini, dada?" na nikimwambia hakumtazama karani kuhakikisha.

Sura ya mwisho tuliifikia mwanzo wa masika. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nisome karibu kwa kupiga kelele. Kapteni amempata yule kamanda wa maadui aliyeamuru shambulio lililomuua kijana wa redio. Amejeruhiwa, amekaa ameegemea ukuta, hana silaha. Anaomba maji. Boksi, kumpa maji na kumchukua mateka. Duara, kumpiga risasi.

Zamu ilikuwa ya karani. Tulizungumza kwa muda mrefu. Mimi nilisema tena ninayoyasema siku zote, kwamba mtu asiye na silaha hapigwi. Dereva alinishangaza, akasimama upande wangu, akasema ampe maji. Wengine walisema damu ya kijana haijalipwa. Karani alisikiliza kila mtu, kofia magotini, kisha akaivaa, akashika pedi kwa vidole vyote kumi kama mtu anayeshika sahani ya moto.

"Mimi nimesikia," akasema. "Mimi ninampiga risasi." Alilitamka lote, hakulifupisha. Akabonyeza duara.

Risasi ilikuwa moja. Yule kamanda hakufa mara moja, alisema maneno kabla. Maandishi yalitokea chini, na mvua ilikuwa bado inapiga, na watu wote wakanigeukia. Sikutaka kuyasoma. Yalikuwa maneno ya kawaida sana. Alikuwa anauliza kama kuna mtu anaweza kumwandikia mke wake kwamba funguo za ghala ziko kwa jirani.

Nikayasoma yalivyo, kwa sauti kubwa, hadi mlangoni yakasikika. Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Rudia hiyo ya funguo," akaniambia.

Nikarudia.